Mwani unanenepa kwa majitaka yetu, na bili inaenda kwa mkulima wa Kwale

Siku hizi hukai mtandaoni dakika kumi kabla hujakutana na mtu anayekuuzia jeli ya mwani. Eti inang'arisha ngozi, inaongeza nguvu, inatibu kila kitu isipokuwa deni la Fuliza. Upande mwingine, kila kongamano la uchumi wa majini likifanyika, mwani haukosi kwenye hotuba: ajira kwa vijana, kipato kwa akina mama wa Kwale, dawa ya mabadiliko ya tabianchi.

Katikati ya kelele hizo kuna hoja moja ambayo huenda umeisikia, na inavutia kweli. Inaenda hivi: mwani unajitengenezea chakula kwa jua kama mimea mingine, na mimea hupenda gesi ya kaboni na mbolea. Bahari kila mwaka inameza kaboni zaidi kutoka kwa viwanda na magari. Miji nayo inamwaga majitaka yaliyojaa naitrojeni na fosforasi, ambazo ndizo zile zile ziko kwenye gunia la mbolea. Si basi mwani utanawiri tu? Kwani shida iko wapi?

Mwani utanawiri, hilo ni kweli. Swali ambalo watu hawaulizi ni mwani upi. Hapo ndipo hoja inapoanza kuvuja, na hapo ndipo wewe unayekaa Umoja, Kisauni au Likoni unaingia kwenye hadithi hii utake usitake.

Bahari inavyopoteza ladha yake

Tuanze na kemia kidogo, lakini usikimbie. Chukua chupa ya soda. Zile povu zinazopanda ukiifungua ni gesi ya kaboni iliyoyeyushwa majini, na huchangia ule ukali unaousikia ulimini, kwa sababu gesi hiyo ikikutana na maji hutengeneza asidi.

Sasa fikiria jambo hilo hilo likifanyika katika bahari yote ya dunia. Kabla ya enzi ya viwanda, hewa yetu ilikuwa na chembe 280 hivi za gesi ya kaboni katika kila chembe milioni. Leo zimepita 420. Ingekuwa mbaya zaidi kama bahari isingekuwa inatufichia: karibu robo ya kaboni yote tunayotoa kwa kuchoma mafuta, makaa na misitu huishia majini.

Ile inayoingia majini hailali. Inageuka asidi, asidi inaachilia chembe za haidrojeni, na kipimo cha pH kinashuka. Maji ya juu ya bahari yameteremka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1. Utasema hiyo si kitu, pointi sifuri nukta moja. Lakini kipimo hicho hakihesabiwi kama bei ya unga. Kila hatua moja nzima ni mara kumi, kwa hiyo tofauti hiyo ndogo ina maana kwamba chembe za asidi zimeongezeka kwa zaidi ya asilimia 25. Bahari bado haijawa asidi, maana bado iko juu ya 7, lakini inasogea upande huo kwa kasi ambayo viumbe wengi hawajaizoea.

Wanaoumia kwanza ni wale wanaojenga kwa chokaa. Matumbawe, chaza, kombe na konokono wa baharini huhitaji kaboneti ili kutengeneza mifupa na magamba yao. Asidi ikizidi, kaboneti inapungua. Ni kama fundi anayejenga nyumba huku mtu akimwibia saruji usiku.

Mwani si mmoja

Tukisema "mwani" tunaongea kana kwamba ni kitu kimoja. Kumbe ni kama kusema "wanyama", ukamweka ng'ombe na fuko kwenye zizi moja. Kwa mada yetu, gawanya mwani katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni mwani wenye chokaa mwilini. Mmoja ni Halimeda, ule wa kijani unaoonekana kama sarafu zilizounganishwa. Ukifa, chokaa yake huvunjika na kuwa sehemu ya mchanga mweupe ule unaopigia picha Diani. Mwingine ni ule mwekundu unaojitandaza juu ya mawe kama rangi ya waridi iliyokauka. Huo ndio saruji ya miamba ya matumbawe, na vichanga vya matumbawe huutafuta ili vipate pa kutua. Kundi hili linaumizwa na asidi kama vile matumbawe yenyewe yanavyoumizwa.

Kundi la pili ni mwani laini unaokua haraka. Hapa yuko Ulva, mwembamba kama karatasi ya kijani kibichi, na jamii kadhaa za Gracilaria, na ile mingi ya nyuzinyuzi inayoshika kwenye kamba na mawe. Mwili wake ni mwembamba, hivyo unanyonya chakula kila upande. Mambo yakiwa mazuri, Ulva unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache tu. Hawa ndio magugu ya baharini.

Kundi la tatu ni mwani wa kulimwa. Kwa ufuo wetu ni aina mbili: Eucheuma, ambao wakulima wanauita spinosamu, na Kappaphycus, wanaouita kotonii. Ndani yake mna karajinani, kitu kinachofanya dawa ya meno isitiririke na aiskrimu isiwe maji.

Sasa weka asidi na majitaka pamoja uone nani anashinda. Mwani mwingi huishi kwa kunyonya bikaboneti, aina ya kaboni iliyojaa baharini, lakini kuigeuza iweze kutumika kunahitaji nguvu, kama pampu inayokula stima. Gesi ya kaboni ikiongezeka majini, mwani unaweza kuzima pampu hiyo kidogo na kutumia nguvu iliyookolewa kukua. Lakini kukua si kaboni tu. Lazima kuwe na naitrojeni na fosforasi za kujenga mwili. Kukiwa na kaboni bila mbolea, mwani utafika mahali ukwame. Kukiwa na vyote viwili, breki zinaachiliwa.

Hili si la kukisia. Mwaka 2016, watafiti Craig Young na Christopher Gobler wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya na Ulva na Gracilaria waliotoka kwenye ghuba za eneo lao. Walipoongeza gesi ya kaboni majini, mwani huo uliongeza kasi ya kukua. Kwa Ulva, mbolea nayo ilisukuma. Ujumbe wao ulikuwa wa onyo: mwani uleule ambao tayari unasumbua fuo chafu ndio unaonufaika bahari ikizidi kuwa na asidi.

Ukitaka kuona kesho bila kusubiri, nenda kisiwa cha Ischia, Italia. Pale kuna mahali gesi ya kaboni inatoka chini ya bahari yenyewe kwa sababu ya volkeno. Wanasayansi wamekuwa wakipapima kwa miaka. Ukikaribia matundu ya gesi, viumbe wenye chokaa wanapungua hadi wanaisha, na nafasi yao inachukuliwa na nyasi za baharini na mwani laini. Maisha hayakomi pale, lakini wapangaji wa zamani wamefukuzwa na wengine wameingia.

Majitaka yako yanaenda wapi?

Hapa ndipo hadithi inatoka maabara na kuingia chooni kwako.

Mombasa ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.2 katika sensa ya 2019. Sehemu kubwa ya jiji hilo haina mabomba ya majitaka. Kuna mitambo ya Kipevu na Kizingo, lakini nyumba nyingi zinategemea vyoo vya shimo na matangi ya chini ya ardhi. Jiwe la Mombasa ni la matumbawe, lina matundu kama sifongo. Kinachoingia kwenye shimo la choo hakikai pale, kinapenya pole pole hadi visimani na hatimaye baharini. Kingine kinakwenda moja kwa moja kupitia mitaro. Muulize yeyote aliyekulia Mikindani kuhusu harufu ya mkono wa bahari wa Tudor, atakueleza.

Na wewe wa Nairobi usijichekeshe ukidhani hili ni la watu wa Pwani. Majitaka mengi ya jiji yanayobahatika kufika kwenye mabomba huenda kwa mabwawa ya Ruai, kisha humwagwa Mto Nairobi. Yasiyobahatika hufika mtoni yenyewe tu. Mto Nairobi unaingia Athi. Athi unashuka, unapita Fourteen Falls ambako povu huonekana kwa macho, unazunguka Ukambani, unaingia Tsavo na kuitwa Galana, halafu unapofika karibu na Malindi unaitwa Sabaki na kumimina kila kitu katika Bahari Hindi. Watu milioni 4.4 waliohesabiwa Nairobi 2019 wana choo kimoja kirefu sana, na mwisho wake ni ufuo wa Malindi.

Tuwe wakweli: si naitrojeni yote ya Nairobi inayofika baharini. Wakati wa kiangazi mto ukienda polepole, viumbe wadogo hula sehemu kubwa njiani. Bwawa la Thwake kule Makueni nalo litashika kiasi, jambo ambalo ni shida kwa watakaokunywa maji yake. Lakini mvua ikinyesha kisawasawa, mto unakimbia, hakuna muda wa kusafisha kitu, na udongo wa mashamba pamoja na mbolea yake unabebwa juu kwa juu. Rangi ya kahawia unayoiona baharini Malindi msimu wa mvua ni shamba la mtu na choo cha mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatulijui. Majitaka hayaongezi mbolea tu, huongeza asidi pia. Mbolea inazalisha mwani na vijani vidogo vingi. Vikifa, bakteria huviozesha, na katika kuoza wanatumia oksijeni na kutoa gesi ya kaboni palepale majini. Kwa hiyo maji ya pwani iliyochafuka hupata kaboni kutoka pande mbili, kutoka hewani na kutoka kwenye uozo wake mwenyewe. Ukisikia "asidi ya bahari ni tatizo la Wachina na Wamarekani", jua ni nusu ya ukweli.

Wenzetu walishaonja

Juni 2008, miezi miwili kabla ya Olimpiki, mji wa Qingdao, China, ambako mashindano ya mashua yalikuwa yafanyike, uliamka bahari imefunikwa na zulia la kijani. Ni Ulva. Serikali ililazimika kuita wanajeshi na watu wa kujitolea kwa maelfu, na zaidi ya tani milioni moja zikaondolewa. Mashindano yalifanyika, lakini mwani ulirudi mwaka uliofuata, na uliofuata. Chanzo kimoja kilikuwa mashamba ya mwani wa kulimwa kusini zaidi: Ulva ulishika kwenye kamba na fremu zake, wakulima wakasafisha vifaa na kuutupa majini, na maji yenye mbolea nyingi yakaulea njiani.

Bretagne, Ufaransa, hali ni ya kuogofya zaidi. Eneo hilo hufuga nguruwe na kulima kwa wingi, na naitreti kutoka mashambani hushuka mitoni hadi kwenye ghuba. Ulva ukirundikana ufuoni na kuoza chini ya tabaka kavu, hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai bovu. Mwaka 2009, farasi alikufa kwenye ufuo wa Saint-Michel-en-Grève na aliyempanda akapoteza fahamu. Mwaka 2011, nguruwe-mwitu 36 walikutwa wamekufa kwenye mlango wa mto katika eneo hilo hilo. Nchi tajiri, yenye sheria na maabara, bado inahangaika.

Halafu kuna Sargassum. Tangu 2011, mkanda wa mwani huu wa kahawia umekuwa ukitanda Bahari ya Atlantiki kutoka Afrika Magharibi hadi Karibi. Mwaka 2018 ulipimwa kwa setilaiti ukawa na urefu wa kilomita zaidi ya 8,800 na uzito wa takriban tani milioni 20. Sababu zake zinajadiliwa, mikondo ya bahari ikiwemo, lakini virutubisho vya ziada kutoka mitoni ni mojawapo ya zinazotajwa. Waulize wavuvi wa Ghana nyavu zao zinavua nini wakati huo.

Kwetu hatujafika huko. Na tafadhali, ukikuta rundo la majani ufuoni Nyali au Bamburi usikimbilie kurekodi video ya mwisho wa dunia. Sehemu kubwa ya yale ni nyasi za baharini zilizong'olewa na mawimbi, jambo la kawaida kabisa, na zina kazi yake ya kulinda mchanga. Lakini dalili ya mvua ni mawingu. Viungo vya mchuzi ule wa Qingdao na Bretagne tunavyo: joto, jua, maji ya kina kifupi, na choo kisicho na mwisho.

Kibuyuni na bei ya maji machafu

Sasa turudi kwa yule ambaye hoja ya "mwani utanawiri" inadai kumsaidia.

Kusini kabisa mwa Kwale, katika vijiji kama Kibuyuni na Mkwiro, kilimo cha mwani kilishika kasi katika miaka ya 2010, baada ya majaribio ya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI. Kazi yenyewe si ya kamera. Unasubiri bamvua, maji yakupwe sana, unaingia na vigingi na kamba, unafunga vipande vya mwani kimoja kimoja, unasubiri kama wiki sita, unavuna, unabeba ukiwa umelowa, unaanika. Kilo saba mpaka kumi za mwani mbichi zinakauka na kubaki kilo moja. Wengi wanaofanya kazi hii ni wanawake, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo karo.

Wenzetu wa Zanzibar walitangulia. Kilimo cha biashara kilianza 1989 huko Paje na Jambiani, na kikafikia zaidi ya wakulima 20,000, wengi wao akina mama. Kwa muda walilima spinosamu na kotonii. Kotonii ndio wenye bei nzuri. Kisha, kuanzia miaka ya 2000, kotonii ukaanza kufa. Maji ya kina kifupi yalizidi joto, mwani ukapata ugonjwa unaoitwa aisi-aisi: matawi yanageuka meupe kama barafu, yanalainika, yanakatika, yanakwenda na maji. Ugonjwa huu huja mwani ukiwa umechoka, kwa joto, kwa maji ya mvua yaliyopunguza chumvi, au kwa kukosa mwanga, na bakteria wanamalizia. Wakulima wakabaki na spinosamu, ambao ni mgumu zaidi lakini bei yake ni ya kulia.

Dkt Flower Msuya, mtafiti wa Zanzibar aliyefanya kazi na wakulima hao kwa miaka mingi, amekuwa akisukuma mbinu ya kupeleka kotonii kwenye maji ya kina zaidi kwa kutumia nyavu za mrija. Ni wazo zuri. Lakini akina mama wengi hawajui kuogelea wala hawana mashua. Ona jinsi tatizo la mazingira linavyogeuka tatizo la jinsia kabla hujamaliza sentensi.

Sasa ongeza majitaka kwenye picha hiyo. Ni kweli, mbolea kidogo majini inaweza kumsaidia mkulima. Ikizidi, wanaokimbia mbele ni wale wa kundi la pili. Nyuzinyuzi zinashika kwenye kamba, zinajifunga juu ya spinosamu, zinauzibia jua, zinamlaza njaa. Mama anatumia bamvua yake yote akichambua magugu badala ya kupanda. Maji yakiwa na tope, mwanga unapungua, mwani unadhoofika, na aisi-aisi inapiga hodi. Tena mwani hunyonya kila kitu: kama maji yana metali nzito, nazo zinaingia mwilini mwake. Mnunuzi wa ng'ambo akipima na kukataa mzigo, hasara si yake. Na wewe unayepaka ile jeli usoni au kuinywa asubuhi, ushawahi kumuuliza muuzaji mwani wake ulitoka maji gani?

Upande wa asidi, spinosamu wenyewe hauna chokaa, kwa hiyo hautayeyuka. Lakini shamba la mwani halielei angani. Liko nyuma ya mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi ya kusi. Mwamba huo ulipigwa vibaya na joto la El Niño ya 1998, na kila asidi inayoongezeka inapunguza nguvu yake ya kujijenga upya. Ukibomoka, mawimbi yatafika kwenye kamba za Kibuyuni bila kubisha. Pia samaki wanaokula magugu ya mwani, tafi, pono na kangaja, wanaishi humo humo. Tukiwavua wote, hasa kwa nyavu za matundu madogo, tunafukuza kazi wapalilizi wanaofanya kazi bila mshahara.

"Lakini mwani unasafisha bahari"

Kuna watakaosema: basi tulime mwani mwingi zaidi, unyonye uchafu wote. Hoja hii ina uzito na tusiidharau. Mwani ukivunwa na kutolewa majini, naitrojeni na fosforasi zilizomo zinatoka nao. Mchana, ukiwa kwenye jua, mwani hunyonya kaboni na kupandisha pH ya maji yanayouzunguka. Konokono au chaza aliye karibu anapata nafuu.

Ila kuna masharti. Usiku jua likiisha, mwani unapumua kama sisi na kurudisha kaboni majini. Faida inategemea kuvuna. Usipovuna, unaoza na kurudisha kila kitu. Na kuhusu mauzo ya hewa ya kaboni ambayo madalali wameanza kunong'ona, jiulize swali moja la mtaani: kaboni iliyo kwenye mwani uliogeuzwa dawa ya meno inaenda wapi ukishatema kwenye sinki? Inarudi kwenye mzunguko. Mwani unaweza kuwa msaidizi mzuri wa mfumo wa majitaka, kama vile mtu wa kukupangusia sakafu. Hawezi kukusaidia kama bomba bado limepasuka na hujaliziba.

Kilicho mikononi mwetu

Hapa tuongee kama watu wazima. Kenya inachangia chini ya asilimia 1 ya gesi chafu za dunia. Hata tukizima kila matatu kesho, pH ya Bahari Hindi haitatuona. Kwa hilo, kazi yetu ni kupiga kelele kwenye meza za kimataifa na kudai waliochoma mafuta karne mbili walipe.

Majitaka ni hadithi tofauti. Hayo ni yetu asilimia mia. Na kwa sababu asidi na mbolea zikiwa pamoja ndizo huachilia breki za magugu, kupunguza moja kunapunguza makali ya nyingine. Hatuwezi kuzuia bahari isinywe kaboni ya dunia, lakini tunaweza kuinyima mbolea inayoifanya kaboni hiyo iwe sumu kwa mkulima wetu.

Sheria si shida. Kipengele cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi. Kanuni za ubora wa maji zinaweka viwango vya maji yanayomwagwa mitoni na baharini, na NEMA ndiyo yenye rungu. Huduma za maji na majitaka ni kazi ya kaunti. Shida ni kwamba mradi wa majitaka hauna mvuto wa siasa. Barabara inakatiwa utepe, uwanja unawekwa taa, lakini nani amewahi kumwona gavana akipiga selfi na bomba la choo?

Kwa hiyo kabla ya 2027, wasikujie tena na neno "uchumi wa majini" ukapiga makofi tu. Waulize. Ni asilimia ngapi ya nyumba za kaunti hii zimeunganishwa na mabomba ya majitaka, na zilikuwa ngapi ulipoingia ofisini? Mtambo unafanya kazi au ni bango? Lori la kunyonya choo likijaa, linamwaga wapi? Hoteli na viwanda vinavyomwaga usiku vimeshtakiwa vingapi? Nani anapima maji ya Shimoni sasa kabla bandari ya uvuvi haijaleta meli na watu wengi, ili baadaye tuwe na cha kulinganisha?

Ukiwa mwanafunzi wa kemia, biolojia au hata uanahabari, hapo pana kazi. Kipima pH na naitreti si roketi. Vikundi vya vijana Pwani tayari vinapanda mikoko, ambayo inachuja uchafu kabla haujafika baharini, na KMFRI ina kituo pale Gazi. Kupima maji ya mtaro wenu kila mwezi na kuweka takwimu hadharani kungemnyima usingizi afisa wa kaunti kuliko hashtegi mia.

Na ukiwa Nairobi, kumbuka ile njia: sinki, Ruai, Athi, Galana, Sabaki. Mwishoni mwake kuna mwanamke amesimama kwenye maji ya magoti, anachambua nyuzinyuzi kwenye kamba kabla bahari haijajaa. Yeye ndiye anayetunadhifishia meno. Angalau tusimrudishie povu.